Deni la Mikarafuu: Kanuni za Mwaka 1934 na Funzo Lake kwa Nyumba Zetu

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu aliyehalalisha biashara na akaharamisha riba, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baad. Ndugu msomaji, katika miaka hii ya karibuni zimesikika habari nyingi za serikali zetu kutengeneza upya sheria za mabenki na za wakopeshaji. Wako wanaofurahi wakasema, "Sasa tumeokoka." Na wako wanaonung'unika wakasema, "Serikali yaingilia riziki za watu." Nami nimeona si vyema kulijibu jambo hili kwa kauli ya leo tu, hali ya kuwa babu zetu walikwisha kupitia njia hii hii. Basi nakuomba unifuate kidogo mpaka Unguja na Pemba, tutazame lililowapata wenye mashamba ya mikarafuu, na serikali ya wakati ule ilifanya nini, na kilichofaa ni kipi, na kilichoharibika ni kipi. Kwani mwenye akili ni yule anayewaidhika kwa mwenziwe.

Deni lilivyoanza

Wajua ya kuwa mkarafuu si mti wa asili wa kwetu. Uliletwa katika karne ya kumi na tisa, ukaenea katika zama za Sayyid Said bin Sultan, mpaka Unguja na Pemba zikajulikana dunia nzima kwa karafuu. Mti huu una neema, lakini una masharti yake. Ukiupanda hungoja miaka sita au saba hivi kabla ya kuona faida. Ukizaa, hauzai sawasawa kila mwaka. Mwaka mmoja matawi yameinama, mwaka wa pili hupati hata cha kulipia wachumaji. Na karafuu zikiwa tayari hazingoji. Yataka watu wengi kwa siku chache, wapande, wachume, wachambue makonyo, waanike juani. Wachumaji wataka ujira wao leo, na mwenye shamba hajauza hata pishi moja. Basi tangu mwanzo mwenye shamba alikuwa mtu wa kuhitaji fedha kabla ya mavuno, na mwenye fedha alikuwa mfanyabiashara wa mjini, na wengi wao walikuwa watu wa Bara Hindi, Mabaniyani na Waislamu pia.

Kisha yakaja mambo mazito. Mwezi wa Aprili mwaka 1872 tufani kubwa iliipiga Unguja, ikang'oa sehemu kubwa mno ya mikarafuu yake. Pemba ilisalimika zaidi, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo mama wa karafuu. Wenye mashamba wa Unguja wakalazimika kupanda upya, na kupanda upya ni kukopa. Mwaka 1890 Zanzibar ikaingia chini ya himaya ya Waingereza, na mwaka 1897, katika zama za Sayyid Hamoud bin Mohammed, ikatoka amri ya kuondoa utumwa. Kuondoka kwa utumwa ni kheri isiyo shaka, wala mtu asiseme vingine. Bali wenye mashamba waliozoea kazi ya bure hawakujua kuishi kwa kazi ya kulipa. Wengine waliopata fidia ya serikali, fidia hiyo ikapita kwao kama maji katika pakacha, ikaishia mikononi mwa wadai.

Na tuseme haki, ndugu yangu. Si kila deni lilikuwa la kupanda miti. Yalikuwako madeni ya harusi za siku saba, na madeni ya matanga, na madeni ya kujionyesha kuwa nyumba ya fulani haijashuka. Wazee walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Walisema, lakini hawakusikilizana.

Bei ya khiyari

Sasa tufike kwenye jambo ambalo ndilo roho ya makala haya. Mwenye shamba alikuwa Mwislamu, na riba yajulikana kuwa ni haramu. Mkopeshaji naye hataki kutoa mali yake bure. Basi wakapatana kwa njia iliyoitwa bei ya khiyari. Iko hivi: nakuuzia shamba langu kwa thamani kadha, kwa sharti kuwa nina khiyari ya kulikomboa kwa thamani ile ile katika muda tuliopatana. Na siku ile ile wewe wanikodisha shamba hilo hilo, nami nakupa kodi kila mwaka. Katika waraka hapana neno riba. Pana bei, na pana ijara, na vyote viwili ni halali.

Lakini tufanye hesabu, msomaji wangu, kwa mfano tu. Tuseme mtu amepokea riale 1,000, akawa alipa kodi ya riale 120 kila mwaka. Baada ya miaka kumi amekwisha kutoa riale 1,200, na bado hajakomboa hata tawi moja; riale 1,000 zimesimama pale pale. Na muda ukipita asikomboe, shamba limekwenda. Je, hii ni kodi, au ni kitu kingine kilichovalishwa kanzu ya kodi?

Maulamaa walilizungumza jambo hili zamani. Wako waliolegeza kwa kuona dhiki za watu na mazoea ya nchi, kama walivyofanya baadhi ya mafakihi wa Hadhramaut. Na wako waliokaza wakasema: likiwa kusudio si kununua bali ni kukopesha kwa faida, hiyo ni hila ya riba. Na wale waliotunga Majalla, kitabu cha sheria cha dola ya Kithmani kilichotolewa kati ya mwaka 1869 na 1876, waliweka mwanzoni kabisa kanuni ya kuwa katika mapatano hutazamwa makusudio na maana, hayatazamwi matamko. Na mfano walioupiga hapo hapo ni bei ya namna hii, kuwa hukumu yake ni hukumu ya rahani. Na katika zama zetu, mwaka 1992, wanazuoni wa Majmaa ya Fiqhi waliokutana Jeddah walikata kuwa bei hii haijuzu, kwani hakika yake ni mkopo unaoleta manufaa kwa mkopeshaji.

Angalia basi. Ilimu ilikuwako. Makadhi walikuwako. Lakini mwenye haja hakwenda kwa sheikh kuuliza. Alikwenda kwa mwandishi wa waraka. Na alipotoka na fedha mkononi alijiona kuwa ameokoka na riba, ilhali alikuwa ameibeba begani.

Kanuni za mwaka 1934

Ikaendelea hivyo hata dunia ilipopatwa na mdororo wa biashara ulioanza mwaka 1929. Bei ya karafuu ikaanguka vibaya. Deni lililoandikwa wakati karafuu zina thamani likabaki vile vile, na karafuu za kulilipia zikawa hazina thamani. Wadai wakaanza kutaka mashamba. Serikali ya himaya, katika zama za Sayyid Khalifa bin Harub, ikaogopa kuwa ardhi yote itaondoka mikononi mwa Waarabu na Waafrika. Ikaleta watu wa kupeleleza: mwaka 1932 Sir Alan Pim alitazama hali ya fedha ya nchi, na C. F. Strickland alitazama mambo ya vyama vya ushirika. Kisha Bartlett na Last wakaandika habari za madeni ya wakulima.

Na mwaka 1934 zikatoka kanuni kadhaa kwa pamoja. Nitakutajia zilizo kubwa. Ya kwanza, ardhi ya kilimo ya Mwarabu au Mwafrika isihamie kwa mtu asiyekuwa wao ila kwa ruhusa ya Balozi Mwingereza. Ya pili, madai juu ya mashamba yasimamishwe kwa mwaka mmoja, na muda huo ukaja ukaongezwa. Na mahkama yaruhusiwe kutazama nyuma ya waraka, kujua mapatano ya kweli yalikuwa nini. Ya tatu, wakopeshaji wafuate leseni na masharti. Ya nne, chama cha wakulima wa karafuu, kilichoanzishwa mwaka 1927, kipewe nguvu ya sheria, kinunue karafuu na kuwakopesha wakulima fedha za kuchumia.

Nakuomba usimame kidogo juu ya ile ya pili. Serikali isiyokuwa ya Kiislamu iliwaambia mahakimu wake wasidanganyike na tamko la waraka, watazame maana. Hilo ndilo lile lile lililokuwa katika vitabu vyetu, tukaliacha rafuni likaliwa na mchwa, mpaka likaja kutufikia kwa mkono wa mgeni. Mimi kila nikilikumbuka naona haya.

Lakini haki haina upande mmoja

Wala usinifahamu, ndugu yangu, kuwa nasema mkopeshaji alikuwa adui na mwenye shamba alikuwa malaika. Mkopeshaji alitoa mali ya kweli. Wengi wao walikuwa wafanyabiashara wadogo wa vijijini waliochukua bidhaa kwa mkopo kwa matajiri wa mjini, nao wana watoto wa kulisha. Kanuni zile zilimshika yeye akangojea deni lake mwaka baada ya mwaka. Tena zilitenga watu kwa kabila: huyu aweza kununua ardhi, huyu hawezi, hata kama amezaliwa Unguja na baba yake amezaliwa Unguja. Sharia yetu haipimi haki kwa kabila la mtu. Deni la Mbaniyani kwa Mwislamu ni deni, na Mtume wetu (S.A.W.) alifariki na deraya yake iko rahani kwa Myahudi wa Madina, hakusema kuwa yule si mwenzetu basi haki yake ipotee.

Kwa hivyo Wahindi wakalalamika, na malalamiko yao yakafika mpaka Bara Hindi. Mwaka 1937 ilipotoka kanuni ya kukipa chama cha wakulima amri juu ya ununuzi na usafirishaji wa karafuu, wafanyabiashara wakagoma. Chama cha Congress cha huko Bara Hindi kikawataka watu wake wasinunue karafuu za Zanzibar. Na Bara Hindi ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa. Karafuu zikakaa. Wakulima wale wale waliokusudiwa kuokolewa wakawa wameshika magunia yasiyokuwa na mnunuzi. Hata mwezi wa Mei mwaka 1938 ndipo pande zote zikapatana: wafanyabiashara wakarudishiwa nafasi yao katika kusafirisha, na chama kikabaki na sehemu yake. Kisha mwaka 1938 na 1939 zikatoka kanuni nyingine za kumaliza madeni ya mashamba na kuilinda ardhi, kwa mpango uliotulia zaidi.

Na mwisho wake waujua. Baada ya mapinduzi ya Januari 1964 mashamba yalichukuliwa na serikali, yakagawiwa watu eka tatu tatu. Waliogombania shamba kwa khiyari na waliogombania kwa madai, wote liliwatoka. Mali ni ya Mungu, nasi tumeazimwa.

Tujifunze nini?

Katika kisa hiki mimi naona mafunzo matatu.

La kwanza: kanuni ikija wakati maji yamekwisha kufika shingoni, humzamisha hata aliyekuwa aokolewe. Lau mahkama yangaliambiwa mapema kutazama maana ya bei ya khiyari, deni lisingalifika pale. Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta watu watoa fedha leo kwa tende za mwaka mmoja au miwili ijayo. Hakuwakataza, kwani mkulima ana haja. Wala hakuwaachia ovyo, kwani mwenye haja huonewa. Aliwaamrisha kipimo kijulikane, na uzani ujulikane, na muda ujulikane. Hiyo ndiyo bei ya salam. Utaona kuwa kanuni njema haifungi soko. Huwasha taa ndani yake.

La pili: anayetengeneza na aanze kwake. Katika hotuba ya kuaga, Mtume (S.A.W.) alipoifuta riba ya zama za ujahili, riba ya kwanza aliyoifuta ilikuwa ya ami yake, Abbas bin Abdul-Muttalib. Hakuanza na wageni. Serikali ya mwaka 1934 ilianza na wageni, ndipo ikaonekana kuwa ina chuki hata palipokuwa na haki.

La tatu, nalo ndilo linalotuhusu mimi nawe: sheria ya serikali huufunga mkono wa mkopeshaji, lakini haiufungi moyo wa mkopaji. Madeni ya mikarafuu hayakuanza kwa mkopeshaji kuvunja mlango wa mtu. Mtu alikwenda mwenyewe, kwa miguu yake, mara nyingine kwa haja, na mara nyingine kwa kuona haya mbele ya jirani.

Na leo je?

Leo hapana haja ya kwenda mjini. Mkopeshaji yumo katika simu, mkononi mwako, usiku wa manane. Bara watu wameiita mikopo ya namna hii "kausha damu", na jina hilo halikutoka hewani. Wako waliopigiwa simu jamaa zao na mabwana zao wa kazi, wakaaibishwa kwa deni dogo. Kenya ilitunga sheria mwisho wa mwaka 2021, na mwaka 2022 Benki Kuu ikatoa kanuni za kuwataka wakopeshaji wa simu wawe na leseni na wasiwatweze watu. Tanzania ilitunga sheria ya huduma ndogo za fedha mwaka 2018, na mwaka 2024 Benki Kuu yake ikazitaja hadharani programu nyingi za kukopesha zisizokuwa na leseni. Haya ni mema, na mwenye kuyafanya tumshukuru. Dhulma ikizuiwa, hatuulizi aliyeizuia amevaa kofia gani.

Vile vile mlango mwingine umefunguliwa. Mwaka 2008 zilifunguliwa Kenya benki mbili za kufuata sharia, na mwaka 2011 ikafunguliwa Amana Bank Tanzania, na Benki ya Watu wa Zanzibar nayo ikaanza huduma za namna hiyo. Ni neema kubwa. Lakini aliyekisoma kisa cha bei ya khiyari hataridhika na jina. Ukiambiwa hii ni murabaha, uliza: je, mwenye benki amekinunua kitu kweli, kikawa katika dhamana yake, kabla ya kuniuzia? Ukiambiwa hii ni ijara, uliza: kitu kikiharibika bila ya kosa langu, hasara ni ya nani? Mwenye kufanya haki hatakasirika ukimwuliza. Na sisi masheikh tunaokaa katika mabaraza ya kuwaongoza wenye benki, tukumbuke kuwa Mtume (S.A.W.) alimlaani mla riba na mwenye kuilisha, na mwandishi wake, na mashahidi wake wawili. Mwandishi wa waraka wa khiyari alikuwa na kalamu tu, wala hakula hata senti, naye yumo.

Nawe baba mwenye nyumba, nawe mama mwenye kutunza nyumba, nina maneno machache kwenu. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni aya ya deni, iliyo katika Suratul-Baqara, nayo yatuamrisha kuandika na kushuhudisha. Basi usikope hata kwa nduguyo bila ya maandishi. Si kwa kumshuku, bali kwa kumhifadhi. Mume asikope kwa siri mkewe asijue, wala mke asikope kwa siri mumewe asijue, kwani deni la siri ndilo livunjalo nyumba. Kabla ya kukopa jiulize swali moja: fedha hii yaenda kupanda mti au yaenda kupika pilau? Ikiwa ni ya pilau, punguza wageni. Harusi yatimia kwa mahari na walii na mashahidi. Haikushurutishwa maturubai matatu.

Na wewe uliyejaaliwa ukawa ndiye mdai, kumbuka kuwa aya iliyo karibu na hiyo yakuamrisha umngojee mwenye dhiki mpaka apate wasaa, na kumsamehe ni bora kwako. Ama wewe mwenye uwezo unayemzungusha mdai wako leo na kesho, jua kuwa Mtume (S.A.W.) aliletewa jeneza la mtu mwenye deni, akakaa asimsalie mpaka Abu Qatada (R.A.) alipolichukua deni lile juu yake. Ikiwa hiyo ilikuwa hali ya sahaba wake, sisi tutategemea nini?

Namuomba Mwenyezi Mungu awaongoze wanaotutungia kanuni waone haki ya mnyonge na haki ya mwenye mali pamoja, atutosheleze kwa halali yake tusihitaji haramu yake, na atulipie madeni yetu kabla ya siku ambayo hapana riale wala shilingi, ila mema na maovu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.